Kamishna aliyesingiziwa kuufunga mlango wa uvumbuzi

"Kila kinachoweza kuvumbuliwa kimeshavumbuliwa." Sentensi hii nimeikuta ukutani, imemulikwa na projekta, katika semina tatu tofauti za mambo ya teknolojia. Kwenye makundi ya WhatsApp nimeshaacha kuhesabu. Chini yake huandikwa jina la Charles H. Duell, Kamishna wa Ofisi ya Hataza ya Marekani, na mwaka 1899. Mtoa mada huisoma kwa sauti, ukumbi unacheka, kisha anasema: mnaona, hata mkuu wa ofisi ya uvumbuzi hakuiona ndege inakuja, wala redio, wala kompyuta, nanyi msije mkawa kama yeye.

Somo lenyewe si baya. Ila Duell hakuyasema maneno hayo. Na aliyoyaandika mwaka huohuo hayajapotea: yapo, yamechapwa kwa jina lake, na yanaelekea upande mwingine kabisa. Mtumishi wa umma aliyeifanya kazi yake vizuri amegeuzwa mfano wa upofu dunia nzima, na hayupo wa kujitetea. Kwangu hiyo ni dhuluma, hata kama mwenyewe ameshalala kaburini miaka zaidi ya mia. Ndiyo maana nimeifuata sentensi hii nyuma hadi pale inapokatika.

Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi na serikali ili kwa muda maalumu mtu mwingine asitengeneze wala kuuza alichokivumbua bila ruhusa yake. Tanzania Bara kazi hiyo iko BRELA, Kenya iko KIPI. Marekani ya karne ya 19 ilikuwa na Ofisi ya Hataza mjini Washington, na mkuu wake aliitwa Kamishna. Duell aliingia kwenye kiti hicho mwaka 1898, akiteuliwa na Rais William McKinley, akatoka mwaka 1901. Hakuwa mgeni humo. Baba yake naye aliwahi kuwa Kamishna wa ofisi hiyohiyo, kuanzia 1875 hadi 1877. Mwana alikuwa mwanasheria, na baada ya ukamishna akawa jaji wa mahakama ya rufaa huko Washington.

Sasa jiulize: mtu wa namna hiyo, anayeongoza ofisi ambayo kazi yake yote ni kupokea maombi ya wavumbuzi na kukusanya ada zao, angesimama wapi na kwa faida gani kutangaza kwamba kazi imekwisha? Swali hilo peke yake halithibitishi kitu, maana watu wakubwa husema mambo ya ajabu. Lakini linatosha kumfanya msomaji aende kutazama maandishi.

Na maandishi ni rahisi kuyapata kuliko wengi wanavyodhani. Hataza za Marekani zinahesabiwa kwa namba mfululizo tangu 1836. Ya kwanza kutolewa mwaka 1898 ni namba 596,467. Ya kwanza ya 1899 ni 616,871. Ya kwanza ya 1900 ni 640,167. Ukitoa, unapata hataza 20,404 kwa mwaka 1898 na 23,296 kwa mwaka 1899. Yaani katika mwaka uleule anaodaiwa kusema hakuna kilichobaki, ofisi yake iliandikisha vitu vipya karibu 2,900 zaidi ya mwaka uliotangulia. Karatasi hizo zilipita kwake.

Katika ripoti yake ya mwaka 1899 kwa Kongresi, Duell alinukuu maneno ya Rais McKinley kwamba maendeleo na ustawi wa taifa vitategemea uwezo wa kuyafikia mataifa mengine, au hata kuyapita, katika sayansi, viwanda na biashara, na kwamba uvumbuzi ni mojawapo ya nyenzo kubwa za kuwafikisha huko. Kisha akauliza kwa niaba ya watu wake: je, wavumbuzi wetu hawawezi kuwa na matumaini kwamba Kongresi hii ya 56 itawasaidia na kuwatia moyo kwa kuuboresha mfumo wa hataza? Huyo ni mkuu wa idara anayeomba aongezewe nguvu kwa sababu kazi inamzidi. Mtu aliyeamini uvumbuzi umefika ukingoni angeomba likizo.

Basi maneno yale yalitoka wapi? Hapa ndipo penye utamu, maana hayana chanzo kimoja. Yana vijito angalau viwili, na vyote viwili ni vikongwe.

Kijito cha kwanza kinaanzia kwa Kamishna mwingine, Henry Ellsworth, aliyeiongoza ofisi hiyo tangu miaka ya 1830 hadi 1845. Katika ripoti yake ya mwaka 1843 aliandika kwamba maendeleo ya ufundi, mwaka hata mwaka, yanatushinda kuyasadiki, na yanaelekea kubashiri kuwadia kwa wakati ambapo ustawi wa mwanadamu hauna budi kukoma. Ukiinyofoa sentensi hiyo na kuiweka peke yake, inasikika kama ya mtu aliyekata tamaa. Ukiisoma mahali pake, ni mshangao wa mtu anayesimulia maajabu, kama sisi tunavyosema "haya sasa yamepita kiasi, dunia imefika mwisho" huku tukiikodolea macho simu mpya. Katika ripoti hiyohiyo anaendelea kueleza maeneo anayotarajia uvumbuzi uongezeke.

Naomba nikae kidogo kwa Ellsworth, maana maisha yake yanatoa ushahidi kuliko sentensi yake. Tarehe 15 Desemba 1836, yeye akiwa Kamishna, ofisi iliteketea kwa moto pamoja na karibu kumbukumbu zote za hataza za nyuma na maelfu ya mifano ya mashine. Yeye ndiye aliyeijenga upya. Ndiye pia aliyeanza kugawa mbegu na kukusanya takwimu za kilimo, akaishawishi Kongresi itoe dola 1,000 kwa kazi hiyo mwaka 1839. Na alikuwa rafiki wa mchoraji mmoja aliyehangaika miaka mingi na waya za umeme, Samuel Morse.

Machi 1843 Kongresi ilikubali kumpa Morse dola 30,000 ajenge laini ya majaribio kutoka Washington hadi Baltimore, kama kilomita 60 hivi. Kura ilipigwa usiku wa mwisho wa kikao, Morse akiwa amekwenda kulala kwa kukata tamaa. Asubuhi aliyemletea habari njema alikuwa Annie, binti wa Ellsworth. Kwa furaha Morse akamwahidi kwamba yeye ndiye atakayechagua maneno ya kwanza ya kupitishwa kwenye waya. Tarehe 24 Mei 1844 maneno hayo yalipita: mstari wa Biblia, Hesabu 23:23, ule wa kustaajabia mambo aliyoyatenda Mungu. Miaka 35 baadaye, mwaka 1879, waya wa aina hiyo uliopita chini ya bahari ulifika Unguja, na neno letu "simu", ambalo wazee walilitumia kwa barua za waya kabla halijahamia kwenye chombo cha kuongelea, linatukumbusha enzi hizo. Hiyo ndiyo nyumba inayodaiwa kuona mwisho wa uvumbuzi: nyumba ambayo binti yake alichagua ujumbe wa kwanza wa telegrafu, miezi michache tu baada ya baba kuandika ile sentensi.

Mwaka 1845 Ellsworth alijiuzulu, akaenda zake Lafayette, Indiana, kwenye biashara ya ardhi. Kujiuzulu huko na sentensi ile ya 1843 vikaja kufungwa pamoja katika midomo ya watu. Ukazaliwa mkasa kwamba zamani za kale alikuwapo ofisa wa hataza aliyejiuzulu kwa kuwa aliona hakuna tena cha kuvumbua. Mkasa ulizunguka bila jina la mtu wala mwaka, kama hadithi za "hapo zamani za kale" zinavyozunguka.

Aliyeufanyia uchunguzi wa kwanza wa maana ni Eber Jeffery. Mwaka 1940 alichapisha matokeo yake katika jarida la chama cha watumishi wa Ofisi ya Hataza. Alipekua nyaraka na hakumpata ofisa yeyote aliyejiuzulu kwa sababu hiyo. Alichokipata ni ile sentensi ya Ellsworth, akaitaja kuwa huenda ndiyo mbegu ya mkasa, na akaeleza wazi kwamba ilikuwa pambo la maneno la kusifu kasi ya uvumbuzi. Tia akilini jambo moja hapa: mwaka 1940, miaka 41 baada ya 1899, mtu anayeuchunguza mkasa huu kwa bidii anaishia kwa Ellsworth. Duell alikuwa hajafungiwa mzigo huu.

Kijito cha pili kinatoka London, na ni kichekesho. Punch lilikuwa jarida la utani na katuni lililoanzishwa mwaka 1841. Katika almanaka yake ya mwaka 1899 liliweka mzaha kuhusu karne inayokuja. Mtu anaingia ofisini na kuuliza kama hakuna karani wa kukagua hataza. Kijana wa hapo anamjibu kwamba hahitajiki kabisa, bwana. Kila kinachoweza kuvumbuliwa kimeshavumbuliwa. Neno kwa neno, ndiyo sentensi yetu. Mwaka ni 1899. Aliyeisema ni kijana wa kubuni katika mzaha wa Kiingereza. Mwanasheria wa hataza Dennis Crouch aliuweka mzaha huo hadharani mwaka 2011, na nadhani kwa kiasi kikubwa ndio unaoeleza kwa nini mwaka 1899 ulinata. Ukishakuwa na maneno, mwaka na neno "hataza", mtu anayetafuta msemaji atafungua orodha ya makamishna wa Marekani, na mbele ya mwaka 1899 atalikuta jina moja tu.

Sitadai kwamba hivyo ndivyo ilivyotokea. Ninachokiona kwenye karatasi ni kwamba mwaka 1981 kilitoka kitabu cha kukusanya makosa na ubashiri mbovu wa watu mashuhuri, na humo Duell amepewa sentensi hiyo pamoja na mwaka 1899, bila kuonyeshwa hotuba, barua wala ripoti. Makusanyo mengine ya aina hiyo yakafuata, mojawapo mwaka 1984. Baada ya hapo kila anayenukuu anamtaja aliyenukuu kabla yake, na msomaji anaona tanbihi nyingi akadhani ni mashahidi wengi, kumbe ni shahidi mmoja anayesikika mara nyingi. Mwaka 1989 mkutubi Samuel Sass alichoka kuiona, akaandika makala katika jarida la Skeptical Inquirer akiweka pamoja utafiti wa Jeffery na ripoti halisi ya Duell. Hoja yake ilikuwa imekamilika. Haikusaidia sana, intaneti ilikuwa njiani inakuja.

Wanaosoma hadithi za Mtume watakuwa wameshaitambua shida hii, kwa sababu wana jina lake. Kila hadithi ina matini, yaani maneno yenyewe, na ina isnadi, yaani mnyororo wa waliopokezana: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Matini inaweza kuwa nzuri na yenye mafunzo, lakini wanazuoni waliuliza kwanza kuhusu mnyororo: huyu alimwona yule? Waliishi wakati mmoja? Pameruka mtu hapa? Ukiipima sentensi ya Duell kwa kipimo hicho, mnyororo unatoka kwenye slaidi hadi kwenye tovuti, unatoka kwenye tovuti hadi kwenye kitabu cha 1984 au cha 1981, kisha pengo la miaka 82 bila mtu. Ng'ambo ya pengo Duell amekaa, anaandika jambo jingine kabisa.

Watunzi wetu wa tenzi wa pwani nao walilijua tatizo hilo kwa upande wa mwenye maneno. Wengi walikuwa na desturi ya kuweka mwishoni mwa utenzi jina la mtunzi, idadi ya beti na mwaka wa Hijria, ili anayenakili asipunguze, asiongeze, na asimpe mtu mwingine. Kwa upande mwingine tuna wahenga. Neno likikosa mwenyewe tunasema "wahenga walisema" na mambo yanakwenda, hakuna anayedhulumiwa, kwa sababu mhenga si mtu mmoja mwenye kaburi na wajukuu. Nadhani ndiyo maana nukuu hii inatuhusu hata sisi tulio mbali na Washington. Tumeanza kuacha wahenga na kufuata desturi ya kutafutia kila neno mtu mwenye cheo. Siku hizi hata Mwalimu Nyerere hupewa maneno kila wiki, yakiwa juu ya picha yake, bila kutajwa hotuba wala mwaka, ilhali hotuba zake nyingi zimechapwa na mtu anaweza kuzifungua.

Sentensi inapewa mtu ambaye jina lake linaifanya iume zaidi. Maneno "hakuna kilichobaki cha kuvumbua" yakitoka kwa karani wa kwenye katuni ni mzaha tu. Yakitoka kwa Kamishna wa Hataza yanakuwa mkasa kamili, na msimuliaji hahitaji kuongeza kitu. Jambo hilohilo limempata Henry Ford, ila kwa upande wa sifa. Anasemwa kuwa alitamka kwamba angewauliza watu wanataka nini, wangemwambia wanataka farasi wenye kasi zaidi. Ford alifariki mwaka 1947 na maneno hayo hayajaonekana katika maandishi yake. Umbo la karibu zaidi lililochapwa ni la mwaka 1999, pale mbunifu mmoja wa meli za kitalii alipotoa mfano kwamba kama Ford angewauliza watu, pengine wangemwambia hivyo. Lile "kama" likadondoka njiani, mfano ukageuka kumbukumbu. Charles Darwin naye alipewa sentensi kuhusu viumbe wanaosalimika kwa sababu wanaendana na mabadiliko, ambayo msingi wake ni hotuba ya mwaka 1963 ya mwalimu wa mambo ya biashara wa Louisiana, Leon Megginson, aliyekuwa akimfasiri Darwin kwa maneno yake mwenyewe.

Kwa hiyo nikikutana na nukuu ya namna hii siku hizi natafuta kwanza mahali na tukio: ni hotuba gani, barua kwa nani, ukurasa wa ngapi? Jina na mwaka bila mahali ni dalili mbaya. Halafu natafuta chapisho la zamani kuliko yote lenye maneno hayo, na kulipima na tarehe ya kifo cha msemaji. Pengo likizidi nusu karne, naweka kalamu chini. Google Books, HathiTrust na Internet Archive zina mamilioni ya vitabu na majarida ya zamani yaliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na ripoti nyingi za serikali ya Marekani za karne ya 19 zinasomeka humo bila malipo. Ugumu ni kwamba unapaswa kutafuta vipande vya sentensi, si sentensi nzima, kwa kuwa maneno hubadilika safarini. Na ukipata ukurasa, soma wa kabla yake na wa baada yake. Ellsworth aliponzwa na wasomaji walioishia kwenye nukta.

Lipo jambo moja lililonishangaza katika kufuatilia haya. Wazo lenyewe lina mwenyewe wa kweli, mwenye kitabu na mwenye jina. Ni Mrumi, Sextus Julius Frontinus, jemadari aliyekabidhiwa pia usimamizi wa maji ya jiji la Roma mwaka 97. Katika utangulizi wa kitabu cha tatu cha mkusanyo wake wa mbinu za kivita, anasema ataziacha mashine za kuzingira miji kwa kuwa uvumbuzi wake ulifika kikomo zamani, na haoni tumaini la kuongezwa kitu. Mizinga ya baruti ilikuja kuzibomoa kuta zilezile karne nyingi baadaye. Mtoa mada anayetaka mfano wa mtaalamu aliyekosea kuhusu mwisho wa uvumbuzi anaweza kumtumia Frontinus bila kumwonea, alimradi aseme kwamba alikuwa anaongelea mashine za vita na si uvumbuzi wote.

Duell alistahili kunukuliwa kwa maneno mengine. Mwaka 1902, akiwa ameshatoka ofisini, jarida la The Friend lilichapa maoni yake: kwamba maendeleo yote yaliyotangulia katika nyanja za uvumbuzi yataonekana si kitu kabisa yakilinganishwa na yale ambayo karne hii itayashuhudia, na kwamba karibu anatamani aishi maisha yake upya, ayaone maajabu yaliyo mlangoni. Alifariki mwaka 1920. Alipoondoka kwenye kiti cha Kamishna namba za hataza zilikuwa zimeshapita 660,000. Hataza namba 10,000,000 ilitolewa tarehe 19 Juni 2018.